Asumini Niliyokukataza Kuikata

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Kabla ya salamu nikugombeze. Barua tatu umemwandikia mjomba wako kutoka huko Morogoro, umesalimia watu mpaka wapangaji, mimi humo simo. Sababu naijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu mwenyewe, na mwandiko wangu usiucheke.

Unaikumbuka siku tuliyohamia Temeke, serikali ilipotuondoa kule mjini. Mizigo bado iko nje, sisi tukahangaika kwanza na asumini mbili za marehemu mama yako, zile alizokuwa akichuma maua yake tukafunga vikuba, vile vishada vya kunukia vya maharusi. Tulizing'oa kwa haraka, mizizi nusu ikabaki kule. Tukazipanda mbele ya mlango, jua la saa saba.

Nikaenda kuteka maji. Kurudi nakukuta na mkasi, moja umeshaipunguza majani karibu yote, unaiendea ya pili.

"Bibi, majani yanatoa maji, yanapotelea hewani," ukaniambia. "Na mizizi imekatika, haiwezi kuleta maji mengine. Tukiyaacha majani yote, mti utakauka."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu wetu."

"Mwalimu wako kapanda nini? Mti unakunywa kwa chini, na maji haya hapa."

Uliponyanyua tena mkasi nikakupiga kofi. Uliuweka mkasi chini. Mimi ndiye niliyeendelea kusema, majirani wapya wamesimama wanasikia: "Wewe humpendi mama yako. Ungempenda usingeua vitu vyake." Wewe, uliyemlisha uji kwa kijiko mpaka siku yake ya mwisho.

Mwezi haukuisha ukaenda huko kwa shangazi yako, Morogoro.

Ile niliyokunyang'anya, ikiwa bado na majani yake yote, niliimwagilia asubuhi, adhuhuri na alasiri. Chini tope, juu majani yananyong'onyea. Juma moja ikawa kuni. Yako ilisimama kama fimbo, hata kuitazama nikaona haya, kisha ikachipua.

Hapo ndipo nilipoanza kukusikiliza, nawe hupo. Ilipopata majani ya kutosha, nilichukua chupa kavu, nikaingiza tawi lake humo bila kulikata, nikaziba mdomo kwa kitambaa. Kufika adhuhuri chupa imejaa matone ndani. Nikasema, hili ni jasho la chupa tu. Kesho yake nikaweka na nyingine tupu pembeni, nimeiziba vile vile. Ile tupu ikabaki kavu. Basi, nikakaa chini. Mti unatoa maji mchana kutwa na sisi tunapita hapo hatuoni kitu.

Juzi niliwaita majirani wale wale waliosikia. Nikawaambia, "Mjukuu wangu hakuua kitu cha mama yake. Aliyeua ni mimi." Mama Zuhura akauliza, "Bibi, leo umeamkaje?" Nikamwambia anyamaze asikie.

Na hili sijamwambia mtu. Mwanangu alikata roho mikononi mwako kwa sababu mimi nilishindwa kuingia chumbani mle. Mtoto wa miaka kumi na minne ukaweza, mimi mama yake nikakaa uani. Hasira ya kofi lile ilikuwa yangu na nafsi yangu.

Kofi, nisamehe. Neno lile, usinisamehe upesi. Lakini njoo, uniambie usoni jinsi lilivyokuuma, nami nitakaa kimya mpaka umalize.

Unisalimie shangazi yako. Kula vizuri.

Ni mimi, bibi yako mzaa mama