Mwanga Kwenye Boriti ya Baba

Kiwanda cha Ushonaji,
Chumba cha chini.
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko kwenye baridi na maabara yako? Kiuno kinaendeleaje? Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea.

Lile kopo la rangi ulilotutumia lilifika salama. Uliposema kwamba zege likianza kupasuka rangi hiyo hutoa mwanga, Baba alinuna siku mbili. Unamjua kaka yako: boriti iliyo juu ya cherehani zetu aliijenga mwenyewe, na ule ufa wa katikati kila mwaka huuziba kwa plasta. "Dada yangu amesoma mpaka anataka kunipima kazi!" Hata hivyo brashi hakumwachia mtu. Aliipaka boriti yote, mwisho hadi mwisho, ili akuumbue vizuri.

Jumatatu adhuhuri tukaziba madirisha kwa vitambaa vizito, chumba kikawa giza kama ulivyoelekeza. Jirani wa ghorofani akafungulia maji kujaza tangi lake, lililo juu ya boriti ile. Ufa wa katikati, kimya. Baba akaanza kucheka. Kumbe kule mwisho, boriti inapokutana na nguzo, mahali ambapo hatujawahi kuona ufa wowote, mstari wa kijani uliwaka, ukazima, ukawaka tena mrefu zaidi.

Kicheko kilimkatika. "Tokeni! Acheni kila kitu, tokeni!" Wengine tuliacha hadi viatu. Yeye alisimama mlangoni mpaka mtu wa mwisho akatoka, kisha akapanda ngazi mbio, na magoti yale yale anayoyalalamikia kila siku, kwenda kumtoa jirani na kufunga bomba.

Mhandisi alikuja mchana uleule, akaagiza tangi litolewe maji na boriti itegemezwe kwa vyuma. Kabla vyuma havijafika, pande la zege lilianguka. Kiti changu kilikuwa jirani na nguzo ile, Shangazi. Sasa hakitambuliki. Sina namna nyingine ya kusema: asante kwa uhai wangu.

Baadaye Baba alinieleza jambo ambalo hajapata kumwambia mtu. Siku ya kumwaga zege, saruji ilimwishia pale pale penye nguzo. Akamalizia kesho yake juu ya zege lililokwisha kukauka, akafunika kwa plasta, akanyamaza. Alilia, Shangazi. Sikuwahi kumwona akilia.

Kwa sasa tunashona barazani, na mhandisi amelipenda kopo lako kiasi kwamba nimelifungia kabatini.

Mama anakusalimu sana. Wadogo zangu pacha wanauliza kama nawe unawaka gizani. Mungu akuzidishie afya na akili hiyo hiyo.

Wako akupendaye,
Sindano, binti wa kaka yako.

Dada, kalamu nimeichukua mimi sasa. Zege lile ni kosa langu, asikwambie mtu vinginevyo. Walitoka watu kumi na wanne. Niliwahesabu mlangoni, mmoja mmoja. Asante, dada yangu.