Kufuli la 88.5

Jumatatu, 4 Februari 2013

Betri mbili zimejaa. Kipimo kinasema volti 8.3 na 8.2. Ya tatu imegoma kwenye 7.1, nimeirudisha kwenye chaja. Muuzaji wa Bukavu alinipa iliyochoka. Sanduku lilikuwa limeshafunguliwa. Nilimwambia, akacheka.

Tokiwoki tatu za Kichina, redio za mkononi, nyepesi kama sabuni iliyobaki. Moja yangu hapa nyumbani Gihundwe. Moja ya Papa Neema. Moja ya akiba. Simu ni hasara: ukisogea kidogo ziwani mtandao wa Congo unaidaka na krediti inakwisha hujamaliza salamu. Nina mitumbwi miwili ya injini. Papa Neema hutangulia kisiwa cha Nkombo asubuhi na mmoja, ananiambia mizigo iko ufuko gani, magunia mangapi. Mimi natuma wa pili.

Antena yao fupi ya mpira haifai kitu. Nimetengeneza yangu. 300 gawa kwa 146.55, masafa yetu, ni mita 2.047. Robo yake sentimita 51.2. Waya hutaka kupunguzwa kidogo, mara 0.95, inabaki 48.6. Shaba moja imesimama, nne zimeinama chini, waya wa televisheni, mwanzi wa mita sita juu ya paa. Papa Neema amesikika kutoka kisiwani kama yuko jikoni kwangu.

Jirani alipita na ndoo yake. "Maman Aline, hiyo inafika mbinguni? Ambia Mungu mvua ipunguze kidogo." Watu wakacheka. Mmoja hakucheka. Simjui. Alisimama barabarani dakika kumi akitazama mwanzi wangu. Karatasi ya ruhusa ya redio niliiomba Desemba. Bado haijatoka.

Jumatano, 6 Februari

Tokiwoki zimekuja na namba za dukani. Sisi tunatumia shaneli ya tatu. Fujo. Mtu anatafuta ng'ombe kwa Kirundi. Mtu anaimba Kilingala. Mwingine anataja majina ya milima, moja baada ya nyingine, polepole. Ng'ambo, Congo, kuna vita tena. Sina haja ya kujua milima ya mtu.

Muuzaji alinieleza dawa: ukiweka toni, mlio wa chini usiosikika, umefunga kufuli, mnabaki wenyewe. Menyu ya 11 kwa kupokea, ya 13 kwa kutuma. Nimechagua 88.5, zote tatu. Kimya. Hakuna ng'ombe, hakuna milima. Papa Neema anasikika safi. Kwa mara ya kwanza nina kitu ambacho hakuna mtu anayekichungulia.

Nimebandika plasta juu ya vibonye vya tokiwoki yake. Ana vidole vinene, ataharibu. Nimemwachia cha kusemea tu. "Yaya, hata redio unaifunga mudomo?" Ananiita yaya, dada mkubwa, ingawa amenizidi mwaka mmoja. Tuko pamoja tangu 1997, nilipokuwa nauza betri za tochi juu ya kitambaa.

Ijumaa, 8 Februari

Saa moja na nusu Papa Neema alisema: ufuko wa kusini, magunia thelathini na manne ya avoka. Mtumbwi wangu ukafika saa mbili na robo. Mtumbwi wa bluu ulikuwa umeshapakia ishirini na nane.

Jana pia. Magunia kumi na tisa. Sikuandika kwa sababu nilisema ni bahati.

Wa bluu ni wa Mzee Rajabu, mwenye duka la vipuri karibu na msikiti, Kamembe. Sijawahi kugombana naye. Sijawahi kusalimiana naye vizuri pia.

Wanaojua ufuko gani na saa ngapi ni wawili. Mimi na Papa Neema. Toa mimi.

Jumapili, 10 Februari

Taa ya kijani inanitesa. Inapaswa kuwaka mtu anaposema. Sasa inawaka na hakuna anayesema. Leo mara saba kati ya saa tisa na saa kumi. Sekunde nne, sekunde sita, nne. Si betri, nimepima, 8.1. Kuna mtu ananipima hewani.

Papa Neema naye aliniuliza juu ya taa yake Ijumaa. Nikamjibu ni betri, aendelee na kazi. Kwa nini aliuliza siku ileile nilipopoteza magunia?

Bukavu tulikuwa Banyarwanda, tukaondoka bila hata mabati. Hapa sisi ni Bakongomani, Kinyarwanda chetu eti kinanuka mawese. Nyumba, mitumbwi, injini: sikupewa na mtu. Kwa hiyo mtu anapoanza kukisogeza changu, mimi husikia mapema.

Mama yake Papa Neema bado anakaa Bukavu. Anavuka kumtazama. Sijawahi kuzifikiria safari hizo. Leo nimezihesabu. Tatu tangu Krismasi.

Jumanne, 12 Februari

Nimetega. Nilitoka mwenyewe na mtumbwi wa pili, nikazima injini mbali na kisiwa. Saa moja kamili nikamwambia Papa Neema kwenye tokiwoki: ufuko wa kaskazini, chini ya shule, magunia hamsini yananingoja, usimwambie mtu. Kule hakuna gunia. Hakuna hata jiwe linalofanana na gunia.

Saa mbili kasoro kumi, mtumbwi wa bluu. Moja kwa moja kaskazini. Ukazunguka ufuko mtupu mara mbili.

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi. Halafu nikavuta kamba ya injini mara tatu bila kuwaka.

Alhamisi, 14 Februari

Nimemwita nyumbani. Sikumpa kiti.

"Kaskazini nilikuambia weye peke yako. Rajabu alijuaje?"

Alifikiri kwanza. Nikauhesabu muda huo kama kosa.

"Miye sijue, yaya. Labda hewa inavuja."

"Hewa haivuji. Nimeifunga."

"Basi mwenye kuifunga ndiye atajua."

Akaweka tokiwoki mezani, na plasta yake, akatoka. Maneno hayo nimeyageuza mchana wote. Kukiri au matusi?

Jioni nikaenda kwa mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu. Nilikwenda kusema juu ya magunia. Nikasema: huyu mtu anapeleka habari ng'ambo. Nilipotoka nyumbani neno hilo halikuwemo kichwani. Lilikuwemo mdomoni.

Jumamosi, 16 Februari

Wamemwita kwa maswali jana asubuhi. Akarudi jioni. Kitambulisho kimebaki kule. Haruhusiwi kukanyaga ziwa mpaka waseme. Neno limeshuka kutoka Gihundwe hadi gatini bila antena.

Mke wake amekuja. Hakukaa.

"Batoto bangu bane banaitwa nini shuleni, unajua? Ba-espion, bapelelezi. Miaka kumi na sita bwana yangu anakubebea mizigo. Weye unaamini kitu ya plastiki."

Nikamjibu kwamba mimi naamini hesabu.

"Basi hesabu batoto bangu."

Aliacha mlango wazi. Nimechelewa kuufunga.

Jumatatu, 18 Februari

Mtumbwi mmoja tu umetoka. Saa nne asubuhi nimekaa na tokiwoki mezani. Taa ya kijani. Kimya. Taa tena.

Ubavuni, chini ya kile cha kusemea, kuna kibonye kidogo. Karatasi yao ya Kiingereza kibovu inakieleza kwa mstari mmoja: kusikia bila toni. Sijawahi kuwa na kazi nacho. Nimekibonyeza taa ikiwa inawaka.

Sauti ya mzee ikajaa chumbani. "...Maman Aline, ni Rajabu, kama leo uko nanisikia..."

Nikaachia. Kimya. Nikabonyeza. Yupo. Nikamjibu, kisha nikarudi kushikilia kile kidogo kama mtu anayezuia mlango usijifunge.

Nikamuuliza yuko hapo tangu lini.

"Tangu tarehe sita, Maman. Tulinunua kwa muuzaji mumoja, sanduku moja. Shaneli ya tatu ni ya bote. Nilikuita: Maman, hama fasi hiyo, tunasikia mizigo yako yote. Haukujibu. Nikaita tena. Haukujibu. Basi batu bangu ba mutumbwi bakasema, muntu anataja magunia mbele ya bantu na salamu hajibu, hiyo si siri, ni matangazo."

"Na kaskazini?"

"Magunia hamsini? Ulitutembeza bure, Maman. Nikasema, huyu mama ana kiburi na tena ana michezo." Alicheka. Kisha hakucheka. "Leo nakuita ju ya Papa Neema. Nasikia eti alituuzia maneno. Hakuna muntu alituuzia. Mwenye kutupatia ni weye."

Nimekaa mpaka adhuhuri. Chai imepoa, nimeinywa hivyohivyo.

Jumanne, 19 Februari

Nimejaribu mara ishirini, nisije nikaamini neno la mtu tena bila kupima. Ya akiba nimeiondolea toni, menyu ya 11 na ya 13. Yangu nimeiacha na 88.5. Nikisema kwenye yangu, ya akiba inasikia: ishirini kwa ishirini. Nikisema kwenye ya akiba, yangu inawasha taa na haitoi neno. Sifuri kwa ishirini.

Basi toni haifungi mdomo wangu. Inafunga masikio yangu. Siku kumi na mbili kila nilichosema kilikwenda kwa wote, na kila walichonijibu kilibaki nje ya spika. Papa Neema nilimziba vilevile, kwa mikono yangu, na plasta juu.

Alisema hewa inavuja.

Jumatano, 20 Februari

Mkuu wa mudugudu alinisikiliza amekunja mikono. Nikamwonyesha taa, nikamwonyesha kibonye. Akasema mambo ya menyu hayajui. Anachojua, neno nililileta kwake peke yake na sasa liko kwa watu mia. Atapeleka maelezo yangu kwa wakubwa, lakini watu mia ni kazi yangu. Jumamosi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, nitasimama mbele yao.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini: ruhusa ya hivi vitu unayo?

Sina.

Nikinyamaza, tokiwoki zinabaki kwangu na Papa Neema anabaki nchi kavu. Nikisema mbele ya watu jinsi ilivyokuwa, zinakwenda, na ziwa ninalifanyia kazi kwa kubahatisha kama zamani. Nimetembea mpaka nyumbani natafuta njia ya tatu. Haipo.

Jumamosi, 23 Februari

Tumezibua mfereji chini ya barabara. Watu 112. Niliwahesabu, nilitaka kujua aibu ina ukubwa gani.

Nikasimama. Nikasema Papa Neema hakupeleka neno popote. Mimi ndiye niliyekuwa nasema hewani kila siku kwa sauti yangu, nikidhani nimefunga. Na hilo la ng'ambo nililitunga. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira.

Mtu akasema kutoka nyuma: "Rudia, Maman. Ba huku nyuma hatukusikia."

Wakacheka. Nikarudia. Ile ya pili ndiyo iliyoniuma.

Tokiwoki tatu amezichukua mkuu wa mudugudu, nimetia saini, zitarudi karatasi ikitoka. Baadaye, nyumbani, nimeushusha mwanzi mwenyewe. Kitambulisho cha Papa Neema kilikuwa kimeshafika, amekabidhiwa kulekule mferejini. Alikitazama mbele na nyuma kama kwamba huenda kimebadilishwa. Mimi hakunitazama. Nilimwambia kazi yake ipo. Akasema amesikia. Mzee Rajabu alikuwa amesimama naye: "Njo Jumatatu. Mutumbwi wangu hauna muntu wa injini." Papa Neema akamkubalia yeye.

Sina la kulalamika. Nimetafuta, sina.

Jumatatu, 25 Februari

Nimeshuka gatini saa moja. Papa Neema yuko kwenye mtumbwi wa bluu, mkono kwenye injini. Leo ni wa abiria, una nafasi ishirini na mbili. Ndani walikuwa wanne.

Wengine wamesimama na mizigo yao wakisema watangoja unaofuata. Maman mmoja alikuwa ameshaweka kikapu chake ndani. Akamwona nani anaendesha, akakitoa. Papa Neema alimsaidia kukishusha.

Nikalipa nauli. Akanirudishia chenji. Nikakaa mbele kabisa, mahali ambapo yeyote anayepita gatini lazima anione niko na nani. Tukavuka. Kisiwani sikushuka. Tukarudi. Nikalipa tena.

Safari ya kwanza tulikuwa watano. Ya pili, tisa. Jua lilikuwa kali, sikuwa na kitambaa cha kichwa.

Ya tatu, kumi na wanne na mbuzi mmoja. Mbuzi alisimama juu ya mguu wangu njia nzima. Sikumsogeza.