Kalisi Haipo Kabatini

Shoga uko wapi? Pokea simu basi! Haya, naandika.

Padre wetu harudi. HARUDI! Ile "nakwenda ng'ambo kufundisha seminari muhula mmoja tu" ilikuwa danganya toto.

Nimeingia sakristia sasa hivi kuandaa misa ya jioni. Nafungua kabati, kalisi yake, kile kikombe chake cha misa, haipo. Ile ya upadrisho, aliyopewa na marehemu mama yake. Padre anayekwenda miezi minne anatumia kalisi za hukohuko, yake anaiacha nyumbani. Miaka tisa naifuta kwa mikono hii, nisijue?

Nikampigia. "Baba, kalisi iko wapi?" Ananiambia, "Mama, niliomba uhamisho tangu mwaka jana. Ningewaambia, mngelia."

Mngelia! Kwani sasa nacheka?

Na nguo zake nilizipanga mimi sandukuni, kanzu mojamoja. Akanituma jikoni nimletee chai. Narudi, sanduku lishafungwa. Kumbe chai ilikuwa ya kunitoa chumbani!

Hilo nitalimeza. Lisilomezeka ni lile la Jumapili, nawe ulikuwepo kwenye kwaya. Si mimi niliyesimama mbele kumwombea safari? Nikasema, "Ee Bwana, aende salama, amalize muhula, arudi kwetu salama."

Kanisa zima likaitikia. Na yeye, shoga, macho kayafumba, ndiye aliyesema "Amina" kwa sauti kuliko wote.