Utepe wa Kijani

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Shule.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Hujambo, na wote ulio nao hawajambo? Kile kikohozi ulichokilalamikia kimekwisha, au bado unajitibu mwenyewe kwa vile umesoma? Wifi yangu na watoto wazima? Huku sisi tupo. Mama ni mzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Shemeji yako hajambo. Mimi nimeshonwa kichwani, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimelewa.

Barua yako ilinifikia. Unauliza utafiti wako wa madawati unaendeleaje, na kama watoto bado wanavaa tepe. Nitakujibu, lakini leo sikuandikii kwa roho nyeupe. Nimekukasirikia, mdogo wangu, na ninakupenda, na yote mawili utayasoma humu.

Unakumbuka ulivyotukuta. Watoto wa mtaa wa juu walikaa upande wa dirisha, na watoto wa waliokuja na kiwanda cha saruji walikaa upande wa ukuta, na hakuna aliyewahi kuwaambia wakae hivyo. Ukaja na mpango wako. Kila kundi likawa na wa huku na wa kule, wasome pamoja, wafanye mtihani pamoja. Ukatutaka tuwafunge tepe begani, nyekundu, njano, bluu na kijani, ili wasaidizi wako wakiwa mbali waone nani anacheza na nani. Tepe zilivaliwa asubuhi darasani na kuvuliwa kabla ya kwenda nyumbani, kama ulivyoagiza.

Na mpango wako ulifanya kazi, hilo sikunyimi. Yule binti tunayemwita Pengo, wa mwenye bucha wa mtaa wa juu, na binti wa fundi wa kuchomelea wa kiwandani, wakawa chanda na pete. Wote wawili kijani. Walikuwa wakigombana juu ya hesabu mpaka natamani kuwatoa nje, kisha nawakuta wanakula mkate mmoja.

Basi ukapanda ndege yako. Matokeo yakatoka, kijani wakawa wa kwanza.

Nani alianza maneno sijui. Ninachojua ni kwamba yalikolea pale bucha: kijani ndiyo alama ya watoto wa kiwandani, walimu tumehongwa tuwape majibu, nafasi zote za sekondari ni zao. Nilikwenda mwenyewe kununua nyama ili nipate nafasi ya kueleza. Nikasema kila rangi ina watoto wa pande zote. Sikufika hata kumwambia binti yake amevaa rangi gani, akanikatiza kwa kugonga kisu kwenye ubao. Alisema hahitaji mwalimu wa kumfundisha kutambua watu. "Mimi watu wa kiwandani nawajua kwa kuwatazama tu." Wateja wakacheka. Nikachukua nyama yangu nikaondoka, na nyama yenyewe ilikuwa mifupa mitupu.

Jumanne wakaja watu wa mtaa wa juu, tukiwa katikati ya somo. Mlinzi walimwangusha getini kwa jiwe la uso. Vioo vilivunjika vyote kwa mkupuo, vipande vikawaingia watoto kwenye nywele. Wanaume walikuwa na nondo na mipini ya majembe, na walikuwa wakiuliza kitu kimoja tu, wa kijani wako wapi. Nilisimama mlangoni na ile rula yangu kubwa ya ubaoni. Usicheke. Nilimpiga wa kwanza nayo mdomoni, damu ikamtoka, na sijutii. Wa pili alinipiga nondo ya kichwa nikaenda chini.

Macho yalijaa damu nikawa sioni, lakini masikio hayakunionea huruma. Nilisikia madawati yakipinduliwa na watoto wakiita mama zao. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mfupa wa mtoto una mlio wake, Profesa, na mimi nimeshaujua.

Siku ile fundi wa kuchomelea alikuwa pale shuleni akitengeneza nondo za madirisha. Aliingia kwa dirisha akawa anawatoa watoto, wa kijani na wasio wa kijani, anawarusha kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa nje. Wa mwisho alitoka naye mlangoni mikononi mwake. Alikuwa Pengo, mkono unaning'inia. Walipomwona mtu wa kiwandani amembeba binti wa mwenye bucha katika hali ile, hawakuuliza swali. Walimpiga mpaka jicho lake la kushoto likapasuka. Polisi walimnyakua wakamfungia, kwa kosa la kumvunja mkono yule mtoto.

Jioni mtaa wa juu wakashuka kwenye nyumba za kiwanda kulipiza mkono wa Pengo. Mwenye bucha alikuwa mbele na dumu la petroli, analia machozi ya kweli. Mke wa fundi ameungua mikono yote miwili. Moshi wa nyumba zilizochomwa mpaka leo uko kwenye mapazia yangu, na ndio unaomkohoza shemeji yako. Usiku kucha walikaa nje ya kituo cha polisi wakitaka wapewe fundi, na waliapa kwamba siku akitolewa kwenda mahakamani hatafika akiwa hai.

Nami sikuwa na la kumsaidia. Sikumwona aliyempiga Pengo. Pengo mwenyewe alikuwa hospitali na alikuwa hasemi, si kwa daktari, si kwa mama yake.

Alhamisi nilikwenda kubadilishwa bandeji. Nikamkuta askari wa upelelezi kando ya kitanda chake, amemleta baba mtu ili mtoto asiogope. Mwenye bucha alikuwa ameshika kikombe cha maziwa, anamnywesha kwa kijiko. Askari akamuuliza kwa upole kama ni yule fundi aliyemuumiza. Pengo akatikisa kichwa kukataa. Akasema fundi alimtoa tu. Askari akamuuliza, sasa ni nani.

Alijibu akitazama kijiko.

"Baba husema watu wa kiwandani anawajua kwa kuwatazama tu. Mimi alinitazama. Hata nilimwita."

 Mwenye bucha alibaki ameshikilia kijiko pale pale mbele ya mdomo wa mtoto, na mtoto, kwa adabu, akayanywa yale maziwa.

Fundi ametolewa, akiwa na jicho moja. Mwenye bucha yuko ndani kwa ule mkono wa bintiye, alikwenda mwenyewe bila pingu. Lakini usidhani watu wametulia. Mtaani wanasema mimi ndiye niliyemfundisha mtoto maneno, na jana bati letu limepigwa mawe mpaka Mama akatoka nje kuwatukana. Kamati ya shule imeamua kila upande urudi kwenye viti vyake.

Kwa hiyo utafiti wako umefikia hapo. Takwimu usiniombe, sina. Ila Pengo ameniuliza ule utepe ulikuwa wa nini hasa, nami nimeshindwa kumjibu. Njoo, mdogo wangu. Acha makaratasi yako huko. Njoo ukae kando ya kitanda chake umweleze wewe.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawabusu. Shangazi wa kwenye kilima na Baba Mdogo wanakusalimu. Mama anasema ule, umekonda kwenye picha. Mungu akulinde njiani, na akupe maneno ya kumwambia yule mtoto.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata hasira zikiwa hazijaniisha.