Baba, Tunampeleka Mama Lamu

Mpendwa Baba,

Mahindi ya huku Kwanza, karibu na Kitale, yamekatwa na kusimamishwa shambani kwa mafungu, vile ulivyopenda. Nimeanza na mahindi kwa sababu ungeuliza hayo kabla ya kuuliza afya ya mtu yeyote. Sasa nikueleze kilichonikalisha chini nikuandikie. Tunataka kumpeleka Mama Lamu kupumzika, mwisho wa Novemba hii. Ile Lamu yako. Na Mama alikataa katakata.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimwahidi? Kila mwaka, tukiwa kwenye turubai tunapukuchua, ulisimama ukanyoosha mgongo na kusema, "Mama Nekesa, tukimaliza kuvuna nakupeleka Lamu ukaone maji yasiyo na ng'ambo." Naye hakuinua hata macho. "Maji nimeona. Kwani mto Nzoia ni uji?"

Tulicheka, maana tulijua hayo ni maneno ya mavuno. Baada ya kuvuna kulikuwa na kulima, baada ya kulima kupanda, na kabla hujageuka palizi imefika. Hata ulipostaafu kazi ya serikali pale Bungoma, hukustaafu shamba. Ulikodi jingine.

Lamu ulikaa ukiwa kijana, kabla hujamwoa Mama. Ulirudi nyumbani Bumula na mambo mawili: kunywa kahawa chungu bila sukari, jambo lililowashangaza majirani mpaka wakauliza kama umelogwa, na kibao cha kukunia nazi. Nazi zenyewe hatukuwa nazo. Kwa hiyo kile kibao cha kukunja, chenye ulimi wa chuma wenye meno, ukakifanya kiti chako cha mavuno. Unakikalia, unapitisha hindi kwenye yale meno, mistari miwili inatoka, halafu unampa Mama amalizie kwa vidole. Nilikuwa shule ya bweni tayari niliposikia kutoka kwa msichana wa Pwani kwamba kile ni chombo cha nazi. Nilimbishia mpaka akaacha kunisalimia.

Kisha akaja Mwangi wangu. Siku ile nilipomleta Bumula mara ya kwanza, nilisahau kumfundisha kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani wala hawasemeshani ana kwa ana, au nilidhani anajua kwa kuwa amezaliwa papa hapa Kitale. Lakini kwa wazazi wake mama mkwe husalimiwa kwa mkono kama mtu mwingine yeyote. Alimwona Mama mlangoni, akaenda mbio, mikono miwili mbele, akitaka kumkumbatia. Mama alitupa ungo na kukimbilia nyuma ya ghala. Kuku walitawanyika. Maskini Mwangi alibaki amesimama na mikono yake hewani.

"Nimekosea wapi, Baba?"

"Hujakosea," ulimwambia. "Umekaribia sana tu."

Ukaenda ukaleta kile kibao, ukakifungua katikati ya uwanja na kukikalia. Mama ukamweka upande huu, akiwa ametupa uso kando, na Mwangi upande ule. Hiyo desturi hukuirithi kwa mtu, uliibuni siku hiyo. Mama akakuambia, "Mwambie mkwe wako chai iko tayari." Mwangi akasikia vizuri kabisa, lakini akangoja umwambie, kisha akajibu, "Mwambie Mama asante sana."

Miaka yote mliishi hivyo, na ulifurahia kazi yako kupita kiasi. Hukuwahi kupeleka neno kama lilivyo. Mwangi akisema chakula ni kitamu, wewe ulimgeukia Mama, "Anasema kwao hajawahi kula namna hii." Mwangi aliruka juu, "Ai, Baba! Si hivyo nimesema!" Na Mama, akiwa amegeuza mgongo, mabega yalimtikisika kwa kicheko. Nadhani ndivyo walivyopendana, wale wawili, kupitia chumvi uliyokuwa unatia.

Tangu tukuzike hakuna aliyeketi pale katikati yao. Mama akiwa na neno kwa Mwangi ananipigia simu mimi. Akija Kitale kwa mavuno analala kwa mama mmoja wa kanisani, kwa sababu hawezi kulala paa moja na mkwe, na sasa hata chai yetu anainywea jikoni peke yake. Anazidi kunyamaza, Baba. Magoti yanamsumbua. Mwaka huu niliona anashika ukuta akipanda ngazi zetu, nazo ni ngazi za mtoto. Naogopa. Naogopa tutaendelea kusema "tukivuna, tukivuna" mpaka siku moja tuwe tunavuna bila yeye.

Wazo la Lamu lilikuwa la Mwangi. Alipiga simu hoteli moja ya huko ufuoni, akauliza, "Mko na nyumba mbili zenye paa tofauti?"

"Milango tofauti ipo, ndugu yangu," akajibiwa kwa upole wa Pwani.

"Hapana. Paa. Mama mkwe wangu hawezi kulala paa moja na mimi."

Yule dada wa hoteli akamwambia ataenda nje kutazama. Fikiria, Baba, mtu ametoka kwenye meza yake huko Lamu akasimama juani akikagua mapaa kwa ajili ya mwanamke wa Bumula. Alirudi na kusema zipo, na katikati kuna uwanja wenye mti wa mkilifi, ule mwarobaini.

Nilipompelekea Mama habari hizo alikasirika. "Ati nikae kwa mchanga na mkwe wangu akiwa na kaptula? Wewe Nekesa, uko na akili kweli?" Nikamwambia Mwangi ameapa kuingia majini na suruali ndefu. Hakucheka. Alishika kitambaa chake, akasema polepole, "Na katikati atakaa nani?"

Nilienda kuomba ushauri. Wafula, mdogo wangu, akaniambia, "Si umwache tu, dada. Mtu mzima habebwi." Nilienda bafuni nikalia. Na nilikukasirikia, Baba, nakuambia wazi. Ahadi ni deni, nawe uliondoka ukatuachia.

Jumamosi tulianza kupukuchua kidogo, yale mahindi yaliyotangulia kukauka. Tulikuwa kwenye turubai, Mama mwisho wa huku, mgongo ameugeuza, Mwangi mwisho wa kule. Mara Mwangi akainuka, akaingia stoo, akatoka na kibao chako. Alikipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akakifungua katikati ya turubai, akarudi mahali pake na kuketi.

"Baba," akakiambia kibao, "mwambie Mama nimepata nyumba mbili. Kila moja iko na paa yake."

Mikono yangu ilisimama. Ya Mama haikusimama. Punje zilidondoka, zikadondoka, mpaka nikadhani ameamua kutosikia.

"Mwambie mkwe wako nimesikia," akasema.

Mwangi aliinamisha kichwa. Mama akachukua hindi lingine.

"Mwambie mahindi yaingie stoo kwanza. Yote. Siendi kuangalia maji nikiwaza mvua."

"Baba, mwambie Mama yataingia."

Kisha wote wawili wakawa wanangoja. Nilielewa wanangoja nini. Hapo ndipo wewe ungetia chumvi yako. Nikajikaza, nikasogea kando ya kibao.

"Mama," nikasema, "anasema ataogelea akiwa na suti. Na tai."

"Ai! Si hivyo nimesema!" Mwangi akaruka.

Na Mama, Baba, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Alipotulia akaniambia, bila kugeuka, "Mwambie hicho kibao akikunje vizuri. Tunaenda nacho."

Basi tunaondoka mahindi yakishaingia. Watu wa Lamu watashangaa, familia ya bara kuja na kibao cha nazi kutoka nyumbani, na meno yake yamejaa pumba za mahindi. Waache washangae. Nitakifungua mchangani kati ya hao wawili, kikitazama yale maji yako yasiyo na ng'ambo. Na wakiwa na neno la kuambiana, nitasimama karibu.

Pumzika, Baba. Zamu hii nimeishika.

Binti yako uliyempata mavunoni,
Nekesa