Si Mapacha, Dada

Chumba cha nyuma, nyumba ileile
Jumapili mchana

Mpendwa dada yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Simu zako niliziona zikiita nikaziacha, na si kwa kukosa nafasi. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tunapumua. Kibonge wangu ameota meno ya nyuma, sasa anamng'ata kila anayemkaribia, baba yake akiwa wa kwanza.

Dada, mtoto aliye tumboni ni mmoja. Habari ya mapacha ilianzia kwenye benchi la kliniki. Mama mkwe alikuwa amekaa nje, akaona daktari wa pili anaingia chumba cha picha, kisha wa tatu, akashangilia: "Ni wawili hao! Mmoja kamficha mwenzake!" Nilipotoka, ukoo mzima ulishapigiwa simu, na wewe ukaanza kununua kila kitu jozi jozi. Nilishindwa kumkatiza kwa alivyokuwa akicheka.

Kumbe mle ndani walikuwa wakitazama moyo wa mtoto. Una tundu kubwa, na vidole vyake vimekunjwa ngumi, havifunguki. Baadaye wakavuta kwa sindano maji anamoelea, yakapimwe maabara. Majibu yamerudi: kasoro imo mwilini mwake mote, tangu alipotungwa. Nikamuuliza daktari kama ni kule kuinamia cherehani kutwa. Akasema, "Mama, si cherehani, si chakula, si wewe." Akizaliwa hai ataishi saa chache, akijaliwa sana siku chache. Dawa hakuna.

Waliniuliza kama nataka kuendelea na mimba. Nitambeba mpaka mwisho. Tumeamua mimi na baba yake, ambaye tangu siku hiyo anatengeneza bawaba za milango ambayo haijaharibika. Kwa hiyo nakuomba kwa upendo: usinitumie habari za watoto walioshangaza madaktari. Sina nguvu ya kutumaini na kulea kwa pamoja.

Na mama mkwe usimlaumu. Nilipomweleza alikaa sakafuni pale pale. "Na mimi ndiye niliyewatangazia," akasema, basi. Sasa ndiye anayenisugua miguu kila jioni.

Anapiga mateke, dada. Nikiendesha cherehani anatulia, nikiisimamisha anaanza kudai. Kwa hiyo nashona hata kama hakuna kazi ya mtu.

Nisalimie shemeji na mabinti zako, na shangazi ukimwona mwambie wewe, mimi sitaweza kulirudia. Mungu awatunze wote mnaolala chini ya paa hilo.

Mdogo wako akupendaye, hata akinyamaza.

Ninavyohitaji bado: kofia ya sufu, ile ndogo kuliko zote dukani. Blanketi jepesi lisilochoma ngozi. Na ile simu yako ya zamani yenye kamera nzuri. Yangu inatoa picha zenye ukungu, nami nataka sura yake ionekane.