Diski Ndogo Yenye Mama

Bonareri, huyu bwanangu Nyasani ataniletea presha.

Unajua ile boksi yake ya diski za kompyuta iko kwa waifai, tunawekanga picha za familia? Leo amechukua diski yangu ndogo akaiunganisha na zake kubwa, ati zifanye kazi kama moja. Bila kuniuliza.

Ile ndogo. Yenye video ya mama akiimba kanisani Sironga. Sina kopi ingine, na mama tulishamzika.

Mashine ilimuuliza kama ifute kila kitu kwanza. Akabonyeza ndiyo. Bonareri, akabonyeza ndiyo.

Namuuliza video iko wapi, ananijibu, "Lakini sasa tumeongeza nafasi."

Nafasi gani? Hapo palikuwa na mama.